Machozi si Kipimo: Sanaa Inavyolisha na Kueleza Maisha ya Kiroho

Kila wimbo mpya wa dini unapovuma, mabishano ni yaleyale. Mmoja anasema alilia tangu ubeti wa kwanza, kwa hiyo wimbo una upako. Wa pili anasema huo ni muziki wa dansi uliovishwa kanzu. Wa tatu anauliza ala, picha na mashairi ni vya nini, ilhali Mungu anasikia hata dua isiyotamkwa. Na siku hizi ameingia wa nne, anayetaka kujua kama utenzi uliotungwa na programu ya kompyuta kwa sekunde chache unaweza kuitwa ibada.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Shida ni kwamba kila mtu anajibu swali lake, huku akidhani anamjibu mwenzake. Wa kwanza anazungumzia hisia, wa pili mtindo, wa tatu ulazima, wa nne asili ya kazi. Tukiyatenga hayo, ubishi mwingi unaisha wenyewe, na unaobaki ni ule unaostahili.

Maneno kwanza

Sanaa, kwa maana tutakayoitumia hapa, ni kukipa kitu umbo kwa makusudi: sauti, neno, rangi, mstari, mwendo wa mwili. Haihitaji jukwaa wala hadhira. Anayeandika beti nne kwenye daftari kisha akalifungia kabatini amefanya sanaa sawa na anayeimba mbele ya umati.

Maisha ya kiroho ni uhusiano wa mtu na kile anachokiamini kuwa kikubwa kuliko yeye, ambacho kwa waumini wengi ni Mungu, pamoja na jinsi uhusiano huo unavyobadili anavyosamehe, anavyobeba msiba, anavyotumia mali na muda. Ibada ni tendo la makusudi la kuuelekea ukuu huo.

Kwa maana hizo, sanaa peke yake si ibada. Mtu anaweza kuimba zaburi kwa ufundi wa hali ya juu huku akiwaza malipo yake. Lakini ibada nayo haikai muda mrefu bila sanaa. Hata jamii za waumini zilizoondoa picha zote na ala zote zilibaki na namna yao ya kusoma kwa sauti, ya kunyamaza pamoja, ya kupanga viti; na hayo yote ni maamuzi ya umbo.

Sanaa inafanya kazi mbili katika roho ya mtu, nazo zinapokezana kama kuvuta na kutoa pumzi. Kulisha ni kuvuta: unapokea neno, sauti au picha inayokujenga hata siku ambayo wewe mwenyewe huna la kusema. Kueleza ni kutoa: unalipa umbo lile lililomo ndani, liwe shukrani, hofu au hasira, ili uliweke mbele za Mungu na pengine mbele ya wenzako. Anayevuta tu hujaa maneno ya watu wengine. Anayetoa tu huishiwa, akabaki kurudia kilio kilekile mwaka baada ya mwaka.

Sauti

Tuanze na sauti kwa sababu haihitaji kununua kitu, na kwa sababu inachofanya mwilini kinaweza kupimwa.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwaka 2001 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake nchini Italia. Watu wazima 23 walipimwa wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra ya yoga, yaani fungu la maneno matakatifu linalorudiwarudiwa. Katika hali zote mbili pumzi zilishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakawa yanapanda na kushuka kwa mpangilio uleule wa pumzi. Hapo hakuna fumbo. Salamu Maria, nusu ikisemwa na kiongozi na nusu na waitikiaji, huchukua takriban sekunde 10 kwa Kilatini. Aliyeifuata sala hiyo vizuri alikuwa akipumua taratibu bila kuambiwa apumue taratibu.

Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, waliwapima waimbaji wa kwaya wakiimba pamoja, wakakuta mioyo yao inaongeza na kupunguza kasi kwa pamoja, hasa katika wimbo wenye vituo vya pumzi vilivyopangwa. Tafiti hizi hazikupima utakatifu wa mtu yeyote, na anayezitumia kuthibitisha kwamba dini fulani ni ya kweli anazitwisha mzigo usio wake. Zinachoeleza ni kwa nini sala iliyopewa umbo la sauti humtuliza mtu aliyeshindwa kutulia kwa kujiamuru tu.

Anayetaka kuitumia njia hii peke yake achague mstari mmoja mfupi wa maandiko au wa dua, wenye silabi 8 hadi 16. Atafute noti ya chini inayokaa kifuani, ileile anayozungumzia akiwa ametulia. Avute pumzi kwa pua bila kuinua mabega, aseme mstari wote kwa pumzi moja na noti moja, ashushe sauti kidogo kwenye silabi mbili za mwisho, kisha anyamaze kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, kabla ya kuvuta tena. Dakika 10 zinatosha kabisa kwa kuanzia.

Yanayoharibika yanajulikana. Ukihisi kizunguzungu, unavuta hewa nyingi kupita mahitaji ya mstari, punguza. Koo likikwaruza, noti iko juu au umebana shingo. Kosa kubwa zaidi halionekani: baada ya dakika chache kasi inaongezeka na ule ukimya wa katikati unamezwa. Dawa yake ni kugonga kidole pajani wakati wa ukimya, si wakati wa maneno, kwa sababu kinachotoroka ni ukimya. Mawazo yakitangatanga hilo si kosa; rudi kwenye mstari bila kujikaripia.

Katika kisomo cha Kurani umakini huu umefikishwa mbali sana. Sura ya 73, aya ya 4, inaamuru isomwe kwa tartili, yaani taratibu na kwa kutamkwa vizuri. Elimu ya tajwidi, yaani ya kusoma Kurani kwa usahihi, ikaweka vipimo: madi (urefushaji wa irabu) ya asili huvutwa harakati 2, yaani muda wa irabu fupi mbili, madi lazima harakati 6, na kila herufi ina mahali pake pa kutokea kinywani au kooni. Makosa yamegawanywa pia. Kuna lahni ya wazi, ambayo kwa kawaida hubadilisha herufi au irabu na inaweza kupotosha maana, na kuna lahni iliyofichika, ambayo mjuzi ndiye anayeigundua. Wanazuoni hawaiti kisomo hiki muziki, na ni haki kuwasikiliza: sauti nzuri inaruhusiwa kupamba, lakini hairuhusiwi kurefusha irabu isiyostahili kurefushwa ili tu msikilizaji asisimke. Kanuni inamshika msomaji mkono pale nafsi yake inapotaka kujionyesha.

Hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hawalioni wanapozungumzia sanaa na roho. Tunadhani msisimko ndio unaofanya kazi. Kwa sehemu kubwa kazi inafanywa na mipaka: urefu wa pumzi, idadi ya mizani, kanuni ya herufi.

Kwa wanaoongoza nyimbo za umma, neno moja la kiufundi. Umati ukiacha kuimba, mara nyingi roho haijapoa. Wimbo uko juu. Waimbaji wa mbele wana sauti zilizofunzwa na vipaza sauti, watu wa kawaida hawana. Wimbo wa watu wote usizidi sana oktava moja (kutoka do hadi do inayofuata) kutoka noti ya chini hadi ya juu, na kama kiitikio kinawafanya watu wainue videvu, ushushe wimbo mzima kwa noti moja au mbili. Jambo la pili ni ukubwa wa sauti ya ala. Mtu asipomsikia jirani yake akiimba, hujiona anaimba peke yake, naye hunyamaza. Basi mlio ukiongezwa ili "kuamsha" watu, ndivyo wanavyozidi kuwa watazamaji.

Machozi yanasema nini

Agostino, askofu wa Hippo, aliandika katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake, mwishoni mwa karne ya 4, kwamba alikumbuka machozi aliyolia kwa nyimbo za kanisa alipoipata upya imani yake. Hapohapo akakiri kwamba inapotokea sauti inamgusa kuliko jambo linaloimbwa, anahesabu kuwa ametenda dhambi, na heri asingemsikia mwimbaji. Hata hivyo hakupiga marufuku uimbaji. Aliuegemea, kwa sababu alijua masikio huivuta roho dhaifu mpaka ikafika mahali ambapo isingefika yenyewe. Miaka zaidi ya 1,600 baadaye sijui kama kuna aliyelieleza tatizo hili kwa uaminifu zaidi.

Muziki una njia zake za kutoa machozi, na watunzi wanazijua. Sauti moja nyembamba inaimba, kisha kwaya nzima inaingia baada ya kimya kifupi. Kiitikio cha mwisho kinapandishwa kwa nusu noti. Noti inayokwaruzana na nyenzake inacheleweshwa kidogo kabla ya kupata utulivu. Ongeza kumbukumbu: wimbo ulioimbwa kwenye mazishi ya mzazi utakuliza hata ukipigwa vibaya. Kwa hiyo machozi yanaweza kuwa toba, yanaweza kuwa ufundi wa mpangaji wa muziki, yanaweza kuwa huzuni uliyoibeba tangu asubuhi ikapata upenyo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo baya, ila hayafanani.

Kipimo kizuri kiko nje ya wakati wa wimbo. Kesho yake, je, unaweza kusema wimbo ulikuwa unasema nini? Kuna mtu uliyekusudia kumpigia simu ukampigia? Na upande wa pili ni muhimu vilevile: asiyelia hajakosa kitu. Kuna watu ambao wimbo huwafanya kazi polepole, kwa kukaririwa mpaka maneno yake yanawajia wenyewe siku ya shida. Huko ndiko kulishwa hasa, na kwa nje hakuna cha kuonekana.

Mkono

Khati ya Kiarabu, yaani uandishi wa herufi kwa ufundi, huonyesha vizuri jinsi kazi ya mkono inavyomlea mtu. Kalamu hukatwa kutoka kwenye tete lililokauka, ncha yake ikikatwa mshazari na kupasuliwa katikati ili wino uteremke. Wino wa jadi ni masizi yaliyosagwa na gundi ya mgunga kwa maji. Ndani ya kidau huwekwa nyuzi za hariri zinyonye wino, ili kalamu isichote mwingi ikatia doa. Karatasi hupakwa utando wa wanga au ute wa yai na kusuguliwa kwa jiwe laini hadi ing'ae. Bila utando huo wino huzama kwenye nyuzi za karatasi na kingo za herufi hutawanyika, wala kosa haliwezi kukwanguliwa.

Kipimo ni nukta. Ukibonyeza ncha ya kalamu na kuivuta kwa upana wake unapata umbo la almasi, na kwa umbo hilo herufi zote hupimwa. Mfumo huu wa uwiano unahusishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Katika mtindo wa naskhi alifu, ile herufi ya mstari uliosimama, huwa kwa kawaida nukta 5, katika mtindo wa thuluthi nukta 7. Katika mapokeo ya Waturuki wa Dola ya Othmania, somo la kwanza la mwanafunzi lilikuwa dua fupi: Mola fanya jambo liwe jepesi wala usilifanye gumu, Mola likamilishe kwa heri. Aliandika dua hiyo kwa wiki au miezi, mwalimu akisahihisha kwa wino mwekundu chini ya kila mstari. Mtu anayeomba wepesi mara mamia kwa kuandika, huku mkono wake ukikataa wepesi, anafundishwa subira na kitu kisichobishika. Alifu imefika nukta 5 au haikufika.

Makosa ya mwanzoni ni yaleyale kila mahali: kuizungusha kalamu vidoleni katikati ya mstari, jambo linalobadilisha unene wa herufi; kubana pumzi kifuani mpaka mkono utetemeke; na kuharakisha herufi zilizozoeleka. Mstari mrefu hutaka pumzi moja inayotoka polepole.

Ikoni, yaani picha takatifu za Wakristo wa Mashariki, zina nidhamu ya aina hiyohiyo. Ubao huvikwa kitambaa, kisha hupakwa mchanganyiko wa unga wa chaki na gundi ya ngozi, tabaka nyembamba 8 hadi 12, kila moja ikingoja iliyotangulia ishike. Gundi ikichemka hupoteza nguvu. Ikiwa kali mno tabaka hupasuka. Ikikorogwa kwa fujo huingiza mapovu yanayoacha vitundu. Rangi huchanganywa na kiini cha yai: kiini hutengwa na ute, huviringishwa kiganjani kikauke, ngozi yake hutobolewa na kutupwa, kilichobaki huongezwa maji na tone la siki. Kiini kikizidi, rangi hung'aa kama mafuta na baadaye hubanduka. Kikipungua, hutoka kwa kidole kama vumbi. Uso huanza na rangi nzito ya giza, kisha mwanga huongezwa juu yake tabaka kwa tabaka. Mchoraji hachori kivuli. Anatoa nuru kutoka gizani, na mpangilio huo wa kazi wenyewe ni mafundisho. Mwishoni jina la aliyechorwa huandikwa, na mchoraji mara nyingi haweki lake.

Watawa wa Kibudha wa Tibet hufanya kinyume chake na kufika mahali pa karibu. Hujenga mandala, mchoro mtakatifu wa duara, kwa mchanga wa rangi kwa siku kadhaa, wakiumwaga mchanga chembe kwa chembe kupitia vifereji vya chuma vinavyokwanguliwa ili vitetemeke. Ikikamilika huifagia yote na kumwaga mchanga kwenye maji yanayotiririka. Anayeshindwa kuachana na kazi zake angejifunza kitu hapo.

Je, picha si sanamu?

Swali hili linastahili jibu lenye heshima, kwa sababu linatokana na amri iliyo wazi. Kutoka 20 inakataza kuchonga sanamu na kuisujudia. Sura 5 baadaye, katika kitabu hichohicho, Musa anaamriwa kutengeneza makerubi wawili wa dhahabu, na katika sura ya 31 Bezaleli anajazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya dhahabu, fedha, mawe na mbao. Basi ndani ya kitabu kile kile kazi ya mkono inaamriwa na kuisujudia kunakatazwa.

Jinsi chombo halali kinavyoweza kugeuka inaonekana kwa nyoka wa shaba. Katika Hesabu 21 alitengenezwa kwa amri, watu wamtazame wapone. Katika 2 Wafalme 18 mfalme Hezekia anamvunja, kwa kuwa watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Nyoka ni yuleyule. Kilichobadilika ni matumizi. Wakristo walibishana juu ya hili kwa zaidi ya karne moja, picha zikivunjwa na kurudishwa, na Mtaguso wa Pili wa Nikea wa mwaka 787 ukaweka mpaka: picha inaweza kupewa heshima inayopita kumfikia anayewakilishwa, ila ibada yenyewe ni ya Mungu peke yake. Waprotestanti wengi hawakuridhika na mpaka huo. Uislamu nao uliweka picha za watu na wanyama nje kabisa ya mahali pa sala, na sanaa haikufa: ilielekea kwenye khati, maumbo ya kijiometri na majani. Kwa hiyo asiyetaka picha hana haja ya kuzikubali ili maisha yake ya kiroho yapate sanaa. Afuate mafundisho ya dini yake kuhusu chombo, kisha akitumie kilichoruhusiwa kwa kina.

Neno, hasa neno la uchungu

Dhana inayodhuru kuliko zote ni ile kwamba sanaa ya kiroho lazima iwe ya furaha. Zaburi ziko 150, na aina iliyo nyingi kuliko zote ni maombolezo. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja, na haikuondolewa. Katika Kurani, sura ya 12 aya ya 86, Yaakubu anasema kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Malalamiko yaliyoelekezwa kwa Mungu bado ni mazungumzo na Mungu. Anayelazimishwa kuimba furaha asiyokuwa nayo hujifunza polepole kwamba mbele za Mungu panatakiwa uongo.

Kwa msemaji wa Kiswahili, utenzi ni chombo kilichokwisha kunolewa. Ubeti una vipande vinne, kila kimoja mizani 8. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na kina cha kipande cha nne, yaani bahari, hurudi mwishoni mwa kila ubeti hadi tamati. Anayeanza huandika hivi:

Mola wangu wa upendo,
nipe amani na pendo,
uongoze langu tendo,
nifike kwako salama.

Mizani imetimia, vina vimetimia, na hakuna aliyezungumza. Ubeti huo ungeweza kusemwa na yeyote, siku yoyote. Upendo, amani, neema na baraka ni maneno yanayojaza mizani upesi kuliko mengine, ndiyo maana ni mtego. Mtu yuleyule akiulizwa usiku wake wa jana ulikuwaje, anaweza kufika hapa:

Nimekesha nikilia,
njia naitazamia,
kimya kimenizidia,
Rabi mbona hunijibu?

Sasa kuna mtu, kuna saa, kuna anayeulizwa. Kina cha -ia ni rahisi mno, vitenzi vingi vya kutendea vinakupa, kwa hiyo katika ubeti wa pili kibadilishwe. Bahari ya -bu ndiyo yenye utajiri: inaleta taabu, sababu, aibu, adhabu, na pia tabibu, thawabu, karibu. Mtunzi anayelazimika kurudi kwenye -bu kila baada ya vipande vitatu atazimaliza taabu na adhabu, na karibu ubeti wa sita au wa saba kanuni itamsukuma kwenye tabibu na karibu kabla hajaamua kama anayaamini. Wakati mwingine anakuta anayaamini. Wakati mwingine anakuta hayaamini, naye ajue hivyo na aishie hapo. Utenzi unaweza kufungwa bila faraja kama Zaburi ya 88.

Hesabu mizani kwa vidole huku ukitamka kwa sauti. Jicho hudanganya, hasa kwenye m na n zinazobeba silabi: "mtu" ni mizani 2, "mbona" pia ni 2, kwa kuwa m ya "mtu" ni silabi kamili na ile ya "mbona" siyo.

Mwili na macho

Kwa mwendo, nitaje mfano mmoja tu kwa kuwa unasahihisha dhana kwamba mzunguko wa madarweshi, Waislamu wa Kisufi wanaozunguka katika ibada, ni kupandwa na wazimu. Wafuasi wa njia ya Mevlana Rumi, mshairi na mwalimu wa Kisufi aliyefariki Konya mwaka 1273, huanza kujifunza kwenye ubao wenye msumari laini unaokaa kati ya kidole gumba na cha pili cha mguu wa kushoto, chumvi ikinyunyizwa ngozi isichubuke. Mguu wa kushoto haubanduki kutoka mahali pake, wa kulia ndio unaosukuma. Kiganja cha kulia huelekea juu, cha kushoto chini: kinachopokelewa kinapitishwa, hakifichwi. Anayezunguka kwa kutafuta kulewa huanguka.

Macho nayo yanaweza kusali. Huko Houston, Marekani, kuna jengo la sala lililofunguliwa mwaka 1971 lenye michoro mikubwa 14 ya mchoraji Mark Rothko, yenye rangi nzito za giza, haina sura wala alama, na watu wa dini mbalimbali huketi humo. Huhitaji kwenda huko. Chukua picha moja au jani moja, litazame dakika 10 bila simu. Dakika ya 3 utachoka na kudhani umeona yote. Usiondoke, mengi huonekana baada ya hapo.

Kipaji, na ile programu

"Mimi sina kipaji" ni sentensi inayohusu hadhira. Kipaji kinahitajika ukitaka wengine walipe muda wao kukusikiliza. Kwa kulishwa na kueleza mbele za Mungu kinachohitajika ni kurudia na kuwa mkweli. Kinyume chake pia ni kweli, na si vizuri kukificha: imani kubwa haifanyi wimbo mbaya uwe mzuri. Mwenye kuongoza umma ana deni la mazoezi.

Hapo ndipo penye jibu la yule wa nne. Utenzi wa programu ukiwa na maneno sahihi unaweza kumlisha anayeusoma. Waumini wameimba kwa karne nyingi nyimbo za watunzi wasiowajua. Lakini haujamweleza mtu yeyote. Hakuna aliyekesha. Na aliyeuagiza amejinyima ile saa ya kutafuta neno lenye -bu, saa ambayo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mwenye haraka ya kupata wimbo wa sherehe hajapoteza kitu kikubwa. Mwenye kuomboleza amepoteza karibu kila kitu.

Ukitaka kuanza

Chagua sanaa moja, si tatu, ukae nayo wiki 6. Tenga dakika 20, saa ileile, siku 4 au 5 kwa wiki. Dakika 5 za mwanzo ni za kupokea: soma ubeti wa mwingine, sikiliza kisomo, tazama picha. Dakika 12 ni za kutengeneza chako. Dakika 3 za mwisho nyamaza, kisha andika tarehe kwenye ulichofanya. Usikionyeshe kwa mtu wala kukiweka mtandaoni katika wiki hizo, kwa sababu ukijua kitatazamwa utaanza kumwandikia mtazamaji, na hutagundua siku uliyoanza.

Ukikuta wiki ya pili huna hamu, endelea, ni kawaida. Ukikuta kila unachoandika kinageuka mashitaka dhidi ya mtu mmoja yuleyule, pumzika kuandika na ukazungumze na kiongozi wa dini au mzee unayemwamini. Na ikiwa kazi hii inafukua kumbukumbu zinazokunyima usingizi au kukufanya utake kujidhuru, weka kalamu chini na umwone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili siku hiyohiyo.